Winchi na Kitanda cha Jeconia

Mercyline Khamala alipotumwa mtaa wa Kianda kwa mara ya kwanza, mhudumu aliyemtangulia alikuwa ameshaondoka akiwa ameshika kiuno. Hilo aliambiwa mapema, tena waziwazi, na Sista Waruguru, msimamizi wa nyumba ya wazee ya Kawangware alikoajiriwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vichache kuzunguka ua wa saruji, na kwa kuwa wagonjwa wengi huugulia makwao, masista walikuwa na desturi ya kutuma wahudumu majumbani. Mercyline alikuwa mmoja wao. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache, na wenzake walimjua kwa jambo moja: hakukubali kumwinua mgonjwa mzito kwa mikono, hata abembelezwe vipi.

Sababu yake haikuwa siri. Kaluki, aliyemfundisha kazi, alimwinua mgonjwa bafuni siku moja, akasikia kitu kikikatika mgongoni. Sasa Kaluki anauza nyanya huko Kawangware akiwa ameketi, na ikianguka moja husubiri mteja amwokotee. Mercyline hununua kwake karibu kila jioni. Hawazungumzii mgongo. Huzungumzia bei ya nyanya.

Mgonjwa wa Kianda aliitwa Jeconia, ila mtaani alijulikana kama Baba Austine. Alikuwa fundi wa mbao. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na umri ulipopanda mwili nao ukapanda, mpaka wateja wake wakawa wanamtania kwamba anavijaribu viti vyake mwenyewe kabla ya kuviuza. Kisha kiharusi kikamwangusha karakanani, kikachukua upande wote wa kushoto. Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitalini alikuwa na kilo mia na themanini kasoro kidogo. Mkewe, Apiyo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa mwembamba kama ufito.

Siku hiyo ya kwanza Mercyline alisimama kando akatazama walivyokuwa wakimtoa kitandani. Apiyo alimkumbatia chini ya makwapa. Morris, mshirika wa Jeconia karakanani, alishika miguu. Jirani mmoja alivuta suruali kwa nyuma. Walihesabu, wakavuta, Jeconia akaguna, na wote wakaanguka nusu kwenye kiti kipana cha magurudumu, nusu ukutani. Apiyo alibaki ameinama kwa muda, kiganja kimebana ubavu, akisubiri pumzi imrudie. Wakamwambia Mercyline kwamba kesho zamu ya makwapa ingekuwa yake.

Mercyline akakataa. Hakupandisha sauti. Aliwaeleza kwamba angemwosha, angemgeuza kwa shuka ya kuteleza, angemfunga vidonda vya kulalia vilivyokuwa vimeanza mgongoni, lakini kumwinua hangemwinua, na wao pia aliwashauri waache. Kule kazini kulikuwa na winchi ya kuinulia wagonjwa. Angeiomba.

Winchi ikaletwa kwa pikapu hadi kituo cha Olympic, barabarani, ikashushwa vipandevipande, na Morris pamoja na jirani wakaipitisha kwenye vichochoro hadi mlangoni. Ilikuwa nguzo ya chuma yenye mkono mmoja juu, pampu kama ya jeki ya lori ubavuni, na chini miguu miwili mirefu ya magurudumu inayofunguka na kufungwa kama mkasi. Mgonjwa hulazwa juu ya kitambaa kigumu chenye mikanda minne, mikanda ikatiwa kwenye ndoano za ule mkono, na mtu mmoja akipiga pampu mgonjwa hupanda taratibu bila mtu kujikakamua. Kibandiko kwenye nguzo kilisema ilihimili kilo mia mbili na kidogo. Mercyline alikisoma mara mbili, akaridhika.

Tatizo likawa kitanda.

Jeconia alikitengeneza mwenyewe, kwa mvule, mwaka ule walipohama kutoka chumba kimoja kwenda viwili. Na kwa kuwa vyumba viwili vya Kianda si nyumba ya mtu kutupatupa vitu, alikijaza droo kutoka kwenye godoro hadi sakafuni, safu mbili kila upande. Humo mlikaa nguo, sufuria za wageni, sare za kanisa, vyeti vya shule vya watoto, kila kitu. Ubao wa kichwani aliuchonga majani. Watu walikuwa wakiletwa chumbani kukiona, na wengi waliondoka wameagiza cha kwao. Kilikuwa kitanda kizuri kwelikweli. Lakini miguu ya winchi lazima ipite chini ya kitanda ndipo mkono ufike juu ya mgonjwa, na chini ya kitanda cha Jeconia hapakuwa na mahali pa kupitisha hata kidole.

Morris akapendekeza wakiinue juu ya matofali. Mercyline akapima kwa futi ya Morris mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimeenda juu tayari, na dari ilikuwa chini. Kikiongezwa matofali, mkono wa winchi ungegota dari kabla mzee hajaachana na godoro. Ilibidi droo za chini za upande mmoja zitolewe na ubao wake ukatwe.

Jeconia alikuwa akisikiliza. Kiharusi kilikuwa kimempunguzia maneno, lakini aliyobaki nayo yalisikika vizuri.

"Hii kitanda haiguswi," alisema.

Morris alijaribu kumweleza kwamba ni upande mmoja tu, na kwamba wangeweza kuurudisha baadaye. Jeconia akageuza uso ukutani. Apiyo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa godoro akikunja nguo, na Mercyline aliona jinsi alivyokuwa akikunja kwa mkono mmoja, ule mwingine akiulaza mapajani.

Basi winchi ikasimamishwa sebuleni, karibu na meko, ikakaa bure, naye Jeconia akabaki kitandani. Baada ya siku chache Apiyo akaanza kuanika taulo kwenye mkono wa winchi. Baadaye na sweta.

Wiki zikaenda. Mercyline alikuja asubuhi, akamwosha mzee, akamgeuza, akambadilishia shuka, akaondoka alasiri. Jumapili hakuja. Vidonda vya mgongoni havikuongezeka sana, wala havikupona, kwa sababu mtu asiyeinuka kitandani hana mahali pengine pa kuweka uzito wake. Mercyline alimwambia hivyo. Jeconia alijibu kwamba yeye alikuwa tayari kulala, basi atalala. Hawakugombana. Walikuwa watu wawili waliozoea kazi ya mikono, kila mmoja ameshikilia lake, na chumba kilikuwa kidogo.

Mara moja Apiyo alimsindikiza Mercyline hadi barabarani, jambo ambalo hakulifanya kila siku. Alimuuliza kama kweli mgongo ukishaharibika haurudi. Mercyline akasema mwingine hurudi, mwingine haurudi. Apiyo akauliza wa Kaluki, kwani alikuwa amesimuliwa. Mercyline akasema wa Kaluki haukurudi. Apiyo akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani.

Kilichofuata kilitokana na kanisa. Kina mama wa ushirika walitoa habari kwamba Jumapili wangekuja kumwombea Baba Austine nyumbani, na Jeconia akasema hangeombewa akiwa amelala kama maiti. Alitaka wamkute ameketi, amevaa shati. Hilo hawakumwambia Mercyline. Walipatana na Morris kwamba angekuja kabla ya wageni, wamwinue kama zamani, mara hii moja tu.

Morris alichelewa. Alikuwa na mteja aliyetaka kabati lake siku hiyohiyo. Apiyo alikuwa ameshamvalisha mumewe shati jeupe, ameshamvuta hadi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, kiti kiko tayari. Nyimbo za kina mama zikaanza kusikika zikipanda kichochoroni. Jeconia akamwambia ajaribu. Baadaye kila mmoja alisema kwamba ni yeye mwenyewe aliyesema wajaribu.

Apiyo alimkumbatia chini ya makwapa, akavuta, naye Jeconia akasukuma kwa mguu wake mzima. Akainuka kidogo. Kisha mguu mbovu ukakunjika, wakaenda chini wote wawili, na Apiyo akawa chini.

Mercyline alipigiwa simu akiwa anafua. Alipanda bodaboda vile alivyokuwa, na leso iliyolowa, na alipofika Kianda alikuta viatu vimejaa mlangoni na watu wamejaa chumbani. Apiyo walikuwa wameshamvuta kutoka chini ya mumewe. Alikuwa ameketi sebuleni kwenye kigoda, uso umebadilika rangi, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa ule wa kulia, na juu ya kifua, karibu na shingo, mfupa wa mtulinga ulikuwa umeinuka chini ya ngozi. Hakuwa akilia. Alimtazama Mercyline, akaelekeza macho chumbani, maana yake aende huko kwanza.

Jeconia alikuwa chali sakafuni, shati jeupe limepanda, tumbo wazi. Wanaume wanne walikuwa wametandaza blanketi wakibishana jinsi ya kumvingirishia, na wa tano alikuwa ameushika ule mkono wake uliolemaa, akiuvuta. Morris alikuwa amefika, amesimama mlangoni, vumbi la mbao bado likiwa nyweleni.

"Mwachilie huo mkono," Mercyline alisema. "Na hiyo blanketi muondoe."

Walimwachilia. Aliwaomba kina mama wawili wamkimbize Apiyo hospitalini kwa gari la jirani lililokuwa barabarani. Aliwaomba kina mama wengine watoke chumbani, kwa kuwa mzee hakuwa amejisitiri. Wakatoka, wakaendelea kuimba nje kwa sauti ya chini. Kisha akapiga magoti, akamuuliza Jeconia panapouma, akamgusa nyonga, magoti, kichwa. Hakuwa amevunjika popote. Alikuwa ameangukia kitu laini.

Mercyline akaenda sebuleni, akatoa taulo na sweta kwenye mkono wa winchi, akaisukuma ndani.

Morris alimsaidia. Walimgeuza mzee ubavu, wakasukumia kitambaa mgongoni, wakamgeuza ubavu wa pili, wakakivuta. Mikanda ya mapajani ikapitishwa chini ya kila paja. Winchi ikasogezwa, miguu yake ikafunguliwa ikamzunguka, ndoano zikashuka. Mercyline alitazama kila kitanzi, kimoja kimoja, akaanza kupiga pampu.

Mkono wa chuma ulipanda kidogokidogo. Mikanda ikakaza. Kichwa cha Jeconia kikainuka, kisha mabega, kisha, bila mtu kuguna wala kuhesabu, mwili wote ukaachana na sakafu. Wale wanaume walirudi nyuma. Jeconia alikuwa ameng'ang'ania nguzo kwa mkono wake mzima, vidole vimekuwa vyeupe.

"Usishike hapo, Mzee," Mercyline alimwambia. "Kunja mkono kifuani. Haianguki."

Jeconia alikunja mkono. Mercyline akavuta winchi nyuma taratibu, akamzungusha, Morris akasukuma kile kiti kipana cha magurudumu chini yake, na Mercyline akamshusha hadi akaketi, mgongo umeegemea vizuri. Akamshusha shati. Akamfunga kifungo kilichofunguka.

Kwa hiyo kina mama wa ushirika walimkuta Baba Austine ameketi. Waliingia, wakaomba, wengine wakitokwa na machozi kwa ajili ya Apiyo, na Jeconia alisikiliza maombi yote ameinamisha kichwa. Walipomaliza wakaondoka, na wale wanaume wakataka kuondoka nao, ndipo Jeconia alipouliza.

"Na sasa nitalala wapi?"

Mercyline alikuwa ameliwaza hilo tangu alipokuwa amepiga magoti sakafuni. Winchi ingeweza kumtoa chini ikamweka kitini, kwa sababu kiti hakina droo. Kumrudisha kitandani haingeweza. Alikuwa amelijua hilo alipoisukuma ndani, na akaendelea.

"Kitandani, kikikatwa," alisema.

Jeconia alimtazama. "Umenitega."

"Nimekutoa chini, Mzee. Ya kitanda uliyajua kabla yangu."

Jeconia akawageukia wanaume. Walikuwa watano na Morris wa sita, wote wazima, wawili wabeba mizigo kwa kazi. Akawaomba wamwinue tu, mara moja, kutoka kitini hadi kitandani, ni hatua moja. Mercyline hakuwakataza. Alisogea kando akaegemea ukuta, kwa sababu haikuwa nyumba yake wala mgongo haukuwa wake. Wale watano wakamtazama Morris, kama watu wamtazamavyo mkubwa wa kazi.

Morris alitia mikono mfukoni.

"Mimi sibebi tena, Baba Austine," alisema. "Nimemwona Mama Austine vile ameenda. Sibebi."

Nje kulikuwa na mtu akipita akiuza mayai. Jeconia alitazama ubao wa kichwani, yale majani aliyoyachonga, akatazama droo, akatazama mlango ambao mkewe alipitia. Mercyline hakujua alikuwa akiwaza nini, na hakubahatisha. Hatimaye mzee akamwambia Morris alete msumeno, ule wa meno madogo, sio ule anaoutumia kuharibia mbao za watu.

Walizitoa droo za chini, wakamwaga vilivyokuwemo kwenye magunia. Jeconia akaomba asogezwe karibu. Alielekeza kwa kidole mahali pa kuanzia, akamfanya Morris apige mstari kwa penseli, kisha apige tena kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umepinda. Alimwambia ang'oe misumari miwili ambayo hakuna mtu mwingine angejua ilikuwa wapi. Aliagiza nguzo mbili ziachwe katikati, mvule usije ukalegea. Msumeno ukaanza. Vumbi la kahawia la mvule likaangukia miguuni pake, harufu yake ikajaa chumba, ikafunika harufu ya dawa. Aliuangalia ule ubao mpaka ulipokatika na kulala sakafuni. Kisha akawaambia wasiutumie kuwashia moto.

Jioni ikiwa haijaingia bado, winchi ilipitisha miguu yake chini ya kitanda cha Jeconia, ikamlaza.

Apiyo alirudi kesho yake akiwa na mkono umefungwa kifuani. Aliona magunia sebuleni, akauliza sare yake ya kanisa iko kwenye gunia lipi, na alipoambiwa hakuna anayejua akakaa akaanza kuyachambua kwa mkono mmoja. Kuhusu kitanda alisema tu kwamba ingekuwa vizuri kama kingekatwa wiki iliyopita. Jeconia alilisikia hilo. Kwa siku kadhaa hakuzungumza na Mercyline isipokuwa kwa lazima, na Mercyline alifanya kazi yake kama kawaida, akimtoa kitandani asubuhi na kumrudisha alasiri. Alimfundisha Apiyo kutia vitanzi na kupiga pampu kwa mkono wa kulia. Apiyo alishika upesi. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa kwamba pampu hii ni nyepesi kuliko ya stovu yake.

Mtulinga wa Apiyo uliunga, lakini bega likabaki chini kuliko lenzake, na mtungi wa maji hakuubeba tena. Alirudi kwenye omena kabla daktari hajamruhusu. Vidonda vya Jeconia vikaanza kukauka kingo. Mchana alikaa mlangoni kwenye kiti chake, watu wakipita wanasema niaje mzee, naye anajibu kwa mkono ulio mzima, na Morris akija anampa hesabu ya mbao na kukaripiwa.

Asubuhi moja Mercyline alipomaliza kumketisha na kuanza kukunja kile kitambaa, Jeconia akamzuia.

"Ingia wewe," alisema. "Nione."

Mercyline alidhani anatania. Hakuwa anatania. Apiyo, aliyekuwa akifunga omena kwenye karatasi, akainuka akaja kutia vitanzi. Mercyline akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa mgongoni, mikanda mapajani, akajihisi mjinga. Jeconia alisogezwa hadi pampu ilipofikiwa na mkono wake wa kulia, akaanza kupiga. Alipiga polepole, akisikiliza chuma. Miguu ya Mercyline ikaachana na sakafu. Kitambaa kikayumba kidogo, na mkono wake, bila yeye kuuambia, ukaenda kushika nguzo.

"Usishike hapo," Jeconia alisema.

Akakunja mikono kifuani. Akagundua kwamba ukiwa juu hakuna kitu cha kukanyaga, na kwamba kila mtu chumbani anakutazama kutoka chini hata kama ameketi karibu nawe. Jeconia alikuwa akichunguza maungio ya ule mkono wa chuma, akigonga hapa na pale kwa kidole, akasema mchomeleaji wake alijua kazi. Kisha akamuuliza kama inatisha.

"Inatisha," Mercyline alisema.

Jeconia akaitikia kwa kichwa. Alimwacha pale juu kwa muda, akamwuliza Apiyo kama omena za leo ni za Homa Bay ama za wapi, na Apiyo akamjibu. Kisha akafungua vali ya kushushia, kidogokidogo, na Mercyline akateremka hadi nyayo zake zikagusa saruji.